Gramafoni ya Babu Yanena Tena

Wahenga walinena kwamba usiache mbachao kwa msala upitao. Wapenzi wasomaji, hebu niwaeleze jinsi nilivyouamini usemi huu nilipoifufua gramafoni aliyotuachia marehemu babu, nyumbani kwetu Mombasa.

Gramafoni yenyewe ni HMV 101, aina iliyoanza kuuzwa mwaka 1925. Haitumii umeme wala betri. Ukizungusha mpini wake unakaza springi, yaani utepe mrefu wa chuma uliokunjwa ndani ya mkebe. Springi ikijikunjua, sahani yenye santuri huzunguka. Sindano nayo hutikisika ikipita katika mfereji wa santuri, na mtikisiko huo hufika kwenye kiwambo cha ulanga kilicho ndani ya kisanduku cha sauti. Hapo ndipo sauti inapozaliwa.

Ya babu ilikuwa imenyamaza miaka mingi. Nyanya alibaki na santuri moja tu, ya Siti binti Saad, mwimbaji wa Unguja aliyesafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake. "Mjukuu wangu," akaniambia, "nataka niisikie japo mara moja kabla sijafumba macho." Nikaahidi.

Nilianza vibaya. Nilishika bisibisi nikataka kuufungua mkebe wa springi. Bahati nzuri fundi wa saa, jirani yetu, akanikuta. "Wee mwanangu, weka chini! Humo mna joka limelala!" Kweli bwana, springi ikifunguliwa ovyo huruka na kukata vidole.

Alipoifungua yeye, tulikuta springi imekatika na grisi imeganda kama gundi. Ulanga ulikuwa na ufa, na mipira inayoushikilia imekuwa migumu kama mfupa.

Fundi akanifunza kwamba si kila kitu cha zamani cha kuhifadhiwa. Mpira na grisi huharibika kwa umri, kwa hivyo vipya ndivyo bora. Springi, hata hivyo, sharti ilingane na ile ya kwanza kwa upana, unene na urefu. Kisanduku cha sauti nacho kiwe cha aina ile ile, kwa kuwa uzito wake ndio unaoikandamiza sindano. Kikizidi uzito, santuri huchimbika.

Likizo nzima ya Agosti nilizunguka kwa wauza vyuma vikuukuu. Wenzangu walinicheka, ati siku hizi si kuna simu? Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mwishowe nikapata gramafoni ya aina hiyo hiyo, sanduku lake limeliwa na mchwa lakini mashine yake nzima. Tukatoa springi na ulanga.

Mjomba, kwa pupa, akataka tujaribu na sindano ya cherehani. La hasha! Santuri za zamani zilitengenezwa kwa lakiri itokanayo na mdudu mdogo, ikachanganywa na vumbi la mawe. Vumbi hilo huisaga sindano, na sindano iliyosagika huisaga santuri. Ndiyo maana sindano ya chuma hubadilishwa kila upande mmoja ukipigwa. Tukaagiza sindano za gramafoni, ambazo bado zatengenezwa.

Siku ya siku ikafika. Niliweka kipande cha karatasi chini ya santuri, nikahesabu mizunguko na kurekebisha mwendo mpaka ikatimia 78 kwa dakika. Nikaishusha sindano. Kwanza ukaja mkwaruzo, kisha Siti huyo! Nyanya hakusema neno, alitikisa kichwa tu. Wimbo ulipokwisha akaniambia, "Iweke sasa, baba, isije ikaisha."

Sauti ile nimeihifadhi katika simu. Santuri yenyewe twaipiga siku ya Idi peke yake.

Ndugu wasomaji, kama kwenu kuna kikongwe cha namna hii kilichonyamaza, msitupe hata parafujo yake moja. Huenda ndiyo itakayokifanya cha mwenzenu kinene.