Haki ya Mshindani (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tulisimulia habari za Jesse Owens, Mmarekani mweusi, na Luz Long, Mjerumani, walioshindana kuruka mjini Berlin mwaka 1936 mbele ya utawala uliohubiri ubora wa kabila moja juu ya makabila mengine. Nasi tukaona jinsi Long, aliposhindwa, alivyomwendea mshindi wake na kumpongeza hadharani. Leo twarejea nyumbani, kwani msomaji wa Kwanza, wa Kitale au wa Bungoma hana haja ya kuvuka bahari kutafuta mfano wa muruwa wa uwanjani, ilhali mfano huo ulizaliwa na kuzikwa karibu naye.

Benjamin Jipcho alizaliwa mwaka 1943 huko Kapkateny, katika mitelemko ya Mlima Elgon upande wa Bungoma, na baada ya siku zake za riadha akawa mkulima Kisawai, Trans Nzoia; alifariki mwaka 2020. Wengi humkumbuka kwa rekodi za dunia za mbio za kuruka viunzi na maji alizoziweka mwaka 1973, ya mwisho ikiwa ya dakika 8 na sekunde 14. Lakini jambo lituhusulo hapa lilitukia miaka mitano kabla ya hapo, katika mbio ambazo yeye alimaliza wa kumi.

Siku hiyo, tarehe 20 Oktoba 1968, katika jiji la Mexico lililo juu ya bahari kwa mita zipatazo 2,240, Jim Ryun wa Marekani aliingia fainali ya mita 1500 ya Olimpiki akiwa ndiye mwenye rekodi ya dunia, dakika 3 na sekunde 33.1, aliyoiweka mwaka uliotangulia katika mbio ambamo Kipchoge Keino, Mkenya mwenzake Jipcho, alikuwa miongoni mwa walioshindwa. Silaha ya Ryun ilikuwa kasi yake ya mwisho, na aliyethubutu kufika naye bega kwa bega katika mzunguko wa mwisho hakuwa na tamaa kubwa ya kupona. Basi Jipcho, kwa ajili ya Keino, akachomoka tangu mwanzo, akauvuta mzunguko wa kwanza kwa sekunde 56, kasi iliyo kali mno katika hewa ile nyepesi. Keino akaipokea kazi, akaenda zake, na alipokata utepe kwa dakika 3 na sekunde 34.9, Ryun alikuwa nyuma yake kwa takribani sekunde 3. Jipcho alikuwa ameitoa sadaka nafasi yake mwenyewe.

Hakumkanyaga mtu wala hakumzibia njia, na taifa lilipata fahari kubwa. Hata hivyo, baadaye Jipcho alimwomba Ryun radhi kwa sehemu aliyoitenda siku ile.

Wako watakaouliza, na swali lao lina uzito, kwamba mtu aombaje radhi kwa jambo la halali lililowafurahisha wananchi wenzake? Kwa rai yangu, Jipcho alitanabahi kwamba mkimbiaji huingia uwanjani na madeni mawili: deni la nchi yake, ambalo hulilipa kwa jasho, na deni la mshindani wake, ambalo ni kumpa mapambano ya mtu kwa mtu. Siku ile alililipa la kwanza kwa gharama ya la pili, na bendera haiwezi kumlipia mtu deni la pili. Radhi yake haikumvua Keino nishani wala haikuulaumu ushindi. Ilimrudishia Ryun heshima yake tu. Hiyo ndiyo insafu, nayo ni ngumu kuliko tabasamu la mbele ya wapiga picha.

Naye Jipcho alionyesha baadaye kwamba mapambano ya mtu kwa mtu hakuyaogopa. Katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Christchurch, New Zealand, mwaka 1974, alishinda mbio za viunzi na maji, kisha akamshinda Brendan Foster wa Uingereza katika mita 5000 kwa sehemu mbili za kumi za sekunde. Katika mita 1500, Filbert Bayi wa Tanzania alitangulia tangu mwanzo na kuivunja rekodi ya Ryun kwa dakika 3 na sekunde 32.2, John Walker wa New Zealand akamfuata karibu mno, na Jipcho akawa wa tatu. Hatimaye yeye na Ryun wakawa wakimbiaji wa kulipwa chini ya chama kimoja huko Marekani.

Lakini tusidhani kwamba urafiki wa wanariadha huondoa ugomvi wa madola. Mwaka 1976, timu ya raga ya New Zealand ilipozuru Afrika Kusini, nchi iliyokuwa imetoka kumwaga damu ya watoto wa Soweto, mataifa zaidi ya 20 ya Afrika, Kenya na Tanzania yakiwamo, yalisusia Olimpiki ya Montreal, na Walker akashinda mita 1500 bila ya Bayi kuwapo. Walker hakuwa na hatia ya raga, wala Bayi hakuwa na kinyongo na Walker. Lakini ubaguzi wa rangi ulikuwa dhuluma isiyostahili kufunikwa kwa kupeana mikono, na aliyegharimika katika kuipinga alikuwa Bayi. Kumheshimu mshindani, kwa hiyo, hakumaanishi kunyamazia maovu, bali kumtenga mtu na maovu asiyoyatenda.

Nasi wa pande hizi, tulioona mapigano ya ardhi ya Mlima Elgon na machafuko ya uchaguzi wa 2007, ambamo jirani alihukumiwa kwa kabila lake kabla ya kuulizwa alilotenda, tuna haja ya somo hilo kuliko wengi. Katika sehemu ijayo tutapanda hadi Kapenguria, tuone jinsi Tegla Loroupe, mshindi wa mbio za New York za 1994 na 1995, alivyowakusanya kuanzia 2003 Wapokoti, Waturkana na majirani zao waliokuwa wakiibiana mifugo, akawashindanisha kwa miguu badala ya bunduki.

Itaendelea.