Neno "Mraba" na Upande Usiojulikana wa Pembetatu

Katika somo la hesabu neno mraba limebebeshwa mzigo mzito. Asili yake ni Kiarabu, katika shina lenye maana ya nne. Kwa Kiswahili hutaja umbo lenye pande nne zilizo sawa. Huingia katika pembe mraba, yaani pembe ya nyuzi 90. Tena hutaja namba iliyozidishwa kwa namba hiyo hiyo.

Maana hizo tatu hukutana katika kanuni ya Pythagoras. Pembetatu ikiwa na pembe mraba, mraba wa upande unaoikabili pembe hiyo ni sawa na jumla ya miraba ya pande mbili zilizosalia.

Tuseme ngazi ya mita 5 imeegemezwa ukutani, mguu wake ukiwa mita 3 kutoka ukutani. Je, yafika kimo gani? Ngazi ndiyo inayoikabili pembe mraba. Kwa hiyo 25 kutoa 9 ni 16, na kipeuo cha pili cha 16 ni 4. Kimo ni mita 4.

Mwanafunzi asiyeuliza kwanza pembe mraba iko wapi hujumlisha, akapata 34. Ndipo kimo kikazidi urefu wa ngazi yenyewe. Aidha, kipeo na kipeuo hutenganishwa na irabu moja tu: kipeo cha pili huipandisha 4 hadi 16, kipeuo cha pili huirudisha 16 kwenye 4. Basi yafaa mwalimu ayapambanue maneno kabla ya kuandika namba ubaoni.