Hedifoni ya kurekodia: sifa ya kwanza ni kutovuja

Zima biti ya wimbo uliorekodiwa kwenye studio ndogo ya Gerezani au Mchikichini, Dar es Salaam, acha sauti ya mwimbaji peke yake, kisha pandisha volyumu pale anapovuta pumzi. Mara nyingi utasikia hai-hati ikigonga kwa mbali, na mdundo wa kuhesabia ukiifuata. Hakuna aliyeipiga mle chumbani. Imetoka kwenye hedifoni aliyovaa mwimbaji, ikaingia kwenye maiki iliyo sentimita 15 tu mbele ya mdomo wake. Ikishaingia haitoki. Prodyuza akiibana sauti kwa kompresa, kile kimdundo nacho kinapanda. Akitaka kubadilisha biti baadaye, biti ya zamani inabaki imejificha ndani ya sauti.

Wakongwe wetu hawakusumbuliwa na jambo hili kwa namna hii. NUTA Jazz au DDC Mlimani Park walipoingia studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, Barabara ya Pugu, bendi ilipiga na mwimbaji akaimba kwa wakati mmoja. Gitaa likiingia kwenye maiki ya mwimbaji, huo ndio uliokuwa wimbo wenyewe. Bongo Fleva imegeuza utaratibu: biti hutengenezwa kwanza kwenye kompyuta, mwimbaji anakuja siku nyingine, na kinachomuunganisha na ala ni hedifoni peke yake. Ndiyo maana inaniuma kuona kijana akijinyima miezi kadhaa anunue maiki ya kondensa, halafu hedifoni anachukua yoyote aliyoikuta njiani.

Kwa hiyo swali la kwanza dukani lisiwe besi wala jina. Uliza kama imefungwa nyuma. Hedifoni iliyofungwa ina ganda zima nje ya spika na sponji inayozunguka sikio lote; sauti inabaki ndani, na kelele za mtaa zinapunguzwa kabla hazijamfikia mwimbaji. Hilo la pili lina uzito wa pekee kwetu. Chumba cha kurekodia kilicho juu ya fremu za maduka, kuta zimepachikwa magodoro, bado kinapokea jenereta, honi za bodaboda na vipaza sauti vya machinga vinavyorudia bei kutwa nzima. Hedifoni iliyo wazi nyuma, au nusu wazi, haizuii karibu chochote kati ya hayo. Samson SR850 na Superlux HD681 ni mfano mzuri: zote ni nusu wazi, bei yake ni ndogo, na kwa kuchanganya wimbo usiku wa manane zinafanya kazi yenye heshima. Kumvalisha hizo mwimbaji aliyesimama mbele ya maiki ya kondensa ni kutafuta matatizo.

Bluetooth iondoe kabisa kwenye hesabu. Hedifoni nyingi zisizo na waya huchelewesha sauti kwa takriban milisekunde 200. Kwa kutazama filamu, simu hurekebisha picha ziendane na sauti, hutagundua. Kwa kuimba ni balaa. Sauti husafiri hewani karibu mita 340 kwa sekunde, hivyo kuchelewa huko ni sawa na kuimba huku mpiga ngoma amesimama mita 68 kutoka ulipo. Singeli ndiyo inayoumia zaidi, kwa kuwa kasi yake huvuka midundo 200 kwa dakika na nyimbo nyingine hufika 300. Kwenye midundo 300, mdundo mmoja ni milisekunde 200 kamili. MC anakuwa nyuma pigo zima, na anayelaumiwa ni yeye.

Baada ya hapo tazama namba ya omu, yaani kipimo cha ukinzani wa hedifoni dhidi ya umeme, ambayo huandikwa kwenye boksi au kwenye hedifoni yenyewe. Studio nyingi za nyumbani zinatumia saundi kadi ndogo inayopata umeme wake kutoka USB ya laptopu. Umeme huo ni mdogo. Hedifoni ya omu 32 hadi 80 itasikika vizuri. Ya omu 250 itanong'ona, na mwimbaji ataomba volyumu hadi kitufe kigote. Beyerdynamic DT 770 Pro, hedifoni ya Kijerumani inayopendwa sana na studio kubwa, inauzwa kwa omu 32, 80 na 250, na kwa mtazamo wa haraka zinafanana. Anayekuuzia ya 250 hajakudanganya, ila kama huna amplifaya yake umenunua ukimya.

Kwa bei ya chini, chaguo langu ni Audio-Technica ATH-M20x. Marekani inauzwa karibu dola 50, kabla ya usafiri na ushuru. Imefungwa nyuma, ina omu 47, waya wake ni wa mita tatu, na inasema ukweli wa kutosha kuhusu sauti ya mtu. Udhaifu wake ni waya usiochomoka: ukikatika karibu na jeki unahitaji fundi wa kuchomelea risasi. Bahati nzuri fundi huyo Kariakoo hakosekani. ATH-M40x ina waya unaochomoka, lakini kichwa cha waya huo ni chembamba na kina umbo lake, kwa hiyo waya wa akiba uuagize mapema. Kisha ipo Sony MDR-7506, iliyoingia sokoni mwaka 1991 na bado inatengenezwa. Ina omu 63, inakunjwa, na sauti ya mwimbaji inaitoa mbele kiasi kwamba kila mkwaruzo na mlio wa mate unasikika. Wengine huiona kali masikioni. Mimi naipenda kwa ukali huo huo, kwa sababu kosa linasikika mwimbaji akiwa bado amesimama mbele ya maiki.

Joto la Dar es Salaam nalo lina lake. Ngozi bandia ya sponji hulowa jasho, hukauka, kisha hubanduka vipande vyeusi shingoni mwa watu. Sponji ikiisha, sauti inaanza kuvuja hata kama spika ni nzima. Kabla ya kununua aina yoyote, hakikisha sponji zake za kubadilisha zinapatikana.

Sasa feki. Mtaa wa Aggrey na ule wa Msimbazi, hapo Kariakoo, utapata hedifoni za kila jina, na majina yanayosifiwa studio ndiyo yanayonakiliwa zaidi. Bei ndiyo dalili ya kwanza. Sony MDR-7506 inauzwa karibu dola 100 huko nje, yaani zaidi ya shilingi 200,000. Ukiambiwa 60,000, iwe "og" kwa maneno matamu kiasi gani, si yenyewe. Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 inakataza biashara hiyo na Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo inayoisimamia. Lakini malalamiko bila risiti hayana miguu. Dai risiti ya EFD yenye jina la bidhaa.

Na jaribu hapo hapo. Weka kwenye simu rekodi ya sauti yako mwenyewe, isiyo na biti, kwa sababu sauti yako unaijua kuliko wimbo wa mtu mwingine. Beba adapta kama simu yako haina tundu la jeki. Sikiliza kama sauti imekaa katikati au inavutwa upande mmoja. Kisha cheza biti kwa volyumu unayorekodia, bana vikombe viwili vikutane, na usogeze sikio umbali wa maiki. Unachosikia hapo ndicho kitakachoingia kwenye wimbo. Muuzaji asiyekubali hayo, mshukuru uende fremu inayofuata.

Ukisharudi studio, usiharibu ulichonunua kwa volyumu. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Zikifika 90, muda salama unashuka hadi saa nne tu. Volyumu kubwa humpotosha pia mwimbaji, akaimba nje ya noti bila kujua. Wapo wanaopenda kuvua upande mmoja wajisikie. Ni sawa, ila prodyuza auzime upande huo kwenye saundi kadi, la sivyo umefungua dirisha linaloelekea kwenye maiki.

Kwa studio inayoanza nasema hivi: fedha ya DT 770 moja nunua M20x mbili, na kigawanyaji chenye amplifaya ndogo kama Behringer HA400. Mwimbaji na prodyuza wasikie kitu kimoja kwa wakati mmoja. DT 770 itafuata wimbo ukishalipa.