Heleboro: Unalipia Mche au Unalipia Miaka?

Kujaza heleboro, mmea wa maua ya wakati wa baridi unaoishi miaka mingi, kwenye kitalu cha mita za mraba 10 huko Uingereza kunaweza kukugharimu pauni 600 siku ya kwanza. Miche hupandwa kwa nafasi ya sentimita 45, hivyo kila mmoja huchukua takriban mita ya mraba 0.2, na 50 huenea. Tukikadiria pauni 12 kwa mche ulio tayari kuchanua, hesabu inatimia. Mboji na jasho havimo.

Bei hiyo inatokana na muda. Mbegu za heleboro chotara hukomaa Mei au Juni, na hupandwa zikiwa mbichi. Zinahitaji kupitia joto kwanza, kisha baridi, ndipo ziote. Ukizikausha na kuziweka, huenda zikalala mwaka mwingine. Zikishaota, ua la kwanza kwa kawaida huonekana mwaka wa 3. Muda wote huo muuza miche anamwagilia, anahamishia vyungu vikubwa na kulipia nafasi, bila kuingiza chochote.

Unaweza kuubeba muda huo mwenyewe. Nunua miche 5 kwa pauni 60, kisha panda mbegu zake. Ukipanda 100 na nusu zikakua, kitalu kimejaa kwa sehemu moja ya kumi ya gharama. Lakini rangi huichagui, kwa kuwa watoto wa chotara hawafuati mama: mbegu ya ua la zambarau iliyokolea inaweza kuleta ua la rangi ya waridi iliyofifia. Anayetaka rangi ileile hugawanya shina, na shina moja hutoa vipande vichache tu.

Sasa tugawe kwa miaka. Heleboro iliyotunzwa huweza kuishi miaka 20 au zaidi. Pauni 600 kwa miaka 20 ni pauni 30 kwa mwaka. Maua ya msimu, yanayong'olewa kila mwaka, hupandwa kwa nafasi ya sentimita 25, yaani miche 160 kwenye kitalu hichohicho. Kwa nusu pauni kila mche, ni pauni 80 kwa mwaka. Kufikia mwaka wa 8 yamekula pauni 640, na heleboro bado zinachanua.

Tena hazichanui siku mbili tatu. Zile zinazoonekana kama petali ni sepali 5, ambazo hukaa wiki nyingi katikati ya baridi. Kazi kubwa ni kukata majani makuukuu kila Desemba au Januari ili kupunguza ugonjwa wa madoa. Vaa glavu, maana mmea wote una sumu na utomvu wake huwasha.

Mpangaji anayehama baada ya miaka 3 atatumia pauni 240 kwa maua ya msimu. Heleboro 50 za dukani zitamtia hasara, na za mbegu zitachanua akifunga mizigo. Mwenye nyumba anunue 5 mwezi Februari, zikiwa na maua ili aone rangi, nyingine azioteshe.