Sangara Pointi 68

Kama ulikuwa unadhani PSP, ile mashine ya gemu ya mkononi, ni ya mpira na ngumi tu, pita Nyasho, Musoma, jioni uone. Masela wamekaa kwenye ndoo zilizogeuzwa, kidude kimoja kinazunguka mkono kwa mkono, na watu wanabishana mpaka mishipa inatoka shingoni. Hawabishani goli. Wanabishana neno.

Gemu lenyewe ni Scrabble, ile ya ubao na vigae vya herufi, ila hii imo ndani ya mashine. Sony walianza kuuza PSP Desemba 2004 na ilipofika 2014 wakaipiga chini, kwa hiyo zilizobaki kitaa ni za mtumba, zimeshapita kwa wengi. Ya kwetu alama ya kitufe cha mraba imefutika na mfuniko wa betri umeshikiliwa na raba bendi. Lakini inapiga mzigo freshi kabisa.

Kwa asiyejua, twende fasta. Ubao una viboksi 225, yaani 15 kwa 15. Vigae ni 100, kila mchezaji anashika saba. Herufi za kawaida zinalipa pointi moja, ngumu zinalipa vizuri: K ni 5, J na X ni 8, Q na Z ni 10. Kigae kitupu kinasimama badala ya herufi yoyote, ila hakina pointi. Ukimwaga zote saba kwa mpigo unaongezewa 50, na hapo ndipo kijiwe kizima kinasimama. Kwenye PSP mnapasiana: unacheza, unampa mwana, anageukia ukutani usichungulie herufi zake, anacheza, anakurudishia. Nimeshuhudia gemu linaanzia Bunda stendi ndani ya Hiace, linapita Kiabakari na Makutano, linakuja kuishia Bweri huku konda naye kashavutwa upande mmoja.

Na kidude kina raha ambayo ubao hauna. Nenda kacheze vigae kwenye mawe ya pale Matvilla uone upepo wa ziwa utakavyokufanya. Kwenye PSP hakuna herufi inayopotelea mchangani, hakuna msela wa kukalia kigae kitupu, na refa ni mashine yenyewe. Neno feki linakataliwa hapohapo, hakuna cha kumbembeleza mtu.

Sasa refa huyo ndiye anayetuuma, maana anajua Kiingereza tu. Unaweka DAGAA, anakataa. Uko Musoma, mwalo wa Mwigobero uko pale chini, harufu ya dagaa inakujia na upepo, halafu mashine inakuambia hicho kitu hakipo. Sio poa.

Ila kuna siku mchizi mmoja alikuja na orodha ya Collins, ile wanayoitumia kwenye mashindano ya dunia, tukaanza kuichimba. Wanangu, tumo humo! SAFARI na BWANA zimo. DUKA, UGALI, MATATU zimo. MZEE inalipa 15, MZUNGU inalipa 18, yote hiyo kazi ya Z. Halafu tukakutana na UJAMAA. Hilo neno lina J ya pointi 8, jumla 15, na ukiliangushia kwenye kiboksi chekundu cha pembeni, kile cha kuzidisha neno mara tatu, linakuwa 45. Neno lililobeba Azimio la Arusha la 1967, la Mwalimu Nyerere, mtu aliyezaliwa Butiama, leo mchezaji wa London analitumia kuchapa wenzake. (Angalia toleo lako lakini: Wamarekani wana orodha yao, na haiko sawa na ya Collins.)

Hapo mzuka ukapanda. Kama maneno yetu yanalipa kwao, kwetu je? Tukakata boksi la kaki, tukachora herufi zilezile 100 kama za kwenye PSP, tukaanza kucheza Kiswahili tupu. Kamusi Kuu ya BAKITA ikawekwa katikati kama hakimu.

Ndani ya raundi mbili tatu tu tukajua huu mfuko wa herufi sio wetu. Angalia K. Kiswahili bila K hakiendi popote: ku, ki, ka, kwa, kila kona. Mfuko wa Kiingereza una K moja tu. Kwa hiyo kuandika KUKU, ndege anayeokota mchele mlangoni kwako, lazima uchome kigae kitupu, kile ambacho wajanja wanakihifadhi mpaka mwisho. Unapata pointi 7 na roho inakuuma. Wakati huohuo umekamata Q na X, pointi 18 mkononi, na hakuna neno hata moja la kuziwekea. C nayo inakaa tu kama abiria mpaka H itokee.

Kuna mahali lakini Kiswahili kinakichapa Kiingereza bila huruma, na hapa ndipo gemu lilipotuteka mazima. Kiingereza mara nyingi kinaongezewa S mwishoni, basi. Sisi tunashambulia mbele na nyuma. Mwana anaweka LIMA. Unampachikia M mbele: MLIMA. Wa tatu anakuja na O nyuma: MLIMAO. Kazi ya jembe, kilima kikubwa na mti wa malimau kwenye mstari mmoja, na kila aliyeongeza herufi amevuna pointi za aliyetangulia. Nani alituambia lugha yetu haifai kwa gemu la vigae?

Na sangara. Hesabu herufi za SANGARA: saba kamili. Jumla yake ni 8. Akifungua gemu akalala katikati kabisa ya ubao, nyota inamzidisha mara mbili, 16, unajumlisha 50 za kumwaga vyote, 66. Lakini mtu mbaya hamlazi katikati. Anamsogeza kiboksi kimoja tu, kushoto au kulia, ili herufi ya pembeni ikanyage kiboksi cha kuzidisha herufi. Inakuwa 68. Dogo mmoja wa Makoko alitupiga hivyo kwenye mchezo wa kwanza kabisa, akanyoosha mikono juu, na hakuna aliyemshika mpaka mwisho.

Ubishi mkubwa kuliko wote ulikuwa wa ng'ombe. Huu ni mkoa wa Mara, mahari inahesabiwa kwa mifugo, huwezi kuleta gemu ambalo ng'ombe hawezi kuandikwa. Sasa ile alama ya juu unaiweka wapi? Sheria za Scrabble hazitaki alama hiyo. Upande mmoja wakasema andika NGOMBE twende. Upande wa pili wakakaza: hayo ni matusi kwa ng'ombe. Washkaji wa Sirari, waliokuja na Sheng yao ya ng'ambo ya mpaka, wakasema, "Msee, tengenezeni kigae chake." Nao wako sahihi. Scrabble ya Kihispania imekuwa na kigae kimoja cha CH. Ya Kiwelisi inacho pia. Kwa nini Kiswahili kisiwe na CH yake na NG' yake?

Maneno ya mtaa nayo yalitaka kuvunja undugu. Tukakubaliana: kama kamusi inalo, linapita, hata kama wewe unalitumia kivingine. Ndiyo maana BUKU inapita. Kwenye kamusi ni panya mkubwa, kwetu ni elfu moja, kwenye ubao ni pointi 10. JERO bado iko benchi.

Sasa mfuko wa haki unapatikanaje? Aliyeubuni mchezo huu alituachia njia. Alfred Butts alikuwa mchora ramani za majengo huko Marekani, akakosa kazi miaka ya 1930 uchumi ulipoporomoka. Akakaa na magazeti, akahesabu herufi moja moja kwenye kurasa za mbele, ili ajue ipi inajirudia na ipi ni adimu. Kutokana na hesabu hiyo akapanga vigae na pointi zake. Jina la Scrabble lilikuja baadaye, 1948. Yaani gemu lililouzwa dunia nzima lilitokana na kalamu, gazeti na ukosefu wa ajira. Vijana wangapi hapa Musoma wana hivyo vitu vitatu?

Tukaiga. Tukanunua gazeti la Mwananchi, tukagawana safu. A iliongoza kwa mbali, ikaifuata I. Vigae tisa vya A vilivyo kwenye mfuko wa Kiingereza ni utani, Kiswahili kinataka zaidi ya hapo kwa kiasi kikubwa. K na W lazima ziongezwe na zishuke bei. Q na X zitoke kabisa, nafasi yao ichukuliwe na CH na NG'.

Nani wa kufanya hii kazi kama sio sisi? Mwalimu alizaliwa Butiama 1922, akaanza shule Mwisenge, hapahapa mjini Musoma. Bao alicheza, na alikaa akamhamisha Shakespeare kuja kwenye Kiswahili, Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi, kazi ambayo maprofesa wengi wangeikimbia. Na usiniambie gemu hili ni la Wazungu. Novemba 2015, kule Perth, Australia, Wellington Jighere wa Nigeria alichukua ubingwa wa dunia, Mwafrika wa kwanza, akimpiga Mwingereza 4 kwa 0 fainali. Wanigeria walikuja na mbinu ya maneno mafupi ya herufi nne tano, wanabakiza silaha mkononi na kumbana mpinzani. Tunaifanyia mazoezi.

Kwa hiyo wewe unayesoma kompyuta chuoni, mtoto wa Bunda, Butiama au Musoma, ukirudi likizo tushtue. Tuna daftari la hesabu za herufi, tuna sheria tulizokubaliana, tunachokosa ni mtu wa kutuandikia programu ikae kwenye simu ya kawaida, icheze hata bila bando. Siku ya Kiswahili Duniani ni Julai 7, ingependeza iwe tayari. Na wewe usiyejua programu, nunua gazeti, hesabu ukurasa wa mbele, utuletee karatasi yako Nyasho. Kila ukurasa unahesabika.