Mkataba wa Kujitegemea: Jina Jipya na Uhusiano wa Zamani

Katika miaka ya karibuni yamezuka maneno mapya katika mahusiano ya kazi. Mtu haitwi tena mwajiriwa. Anaitwa mkandarasi binafsi, mshirika, au mtu aliyejiajiri. Kada asiyechambua maneno hayo huridhika na jina na kusahau uhusiano uliojificha nyuma yake. Swali letu ni hili: jina linapobadilika, ni nini hasa kinachobadilika, na nani anabeba hasara?

Tuanze na historia. Wakati wa ukoloni vijana wa Ufipa walichukuliwa kwenda mashamba ya mkonge wakiwa manamba. Chini ya mfumo wa kipande, mshahara ulilipwa kadi ya siku 30 za kazi ilipojaa. Bandarini Dar es Salaam makuli wengi walikuwa vibarua wa kutwa, nao waligoma mwaka 1939, 1943 na 1947. Kwa hiyo ajira ya kudumu haikuletwa na huruma ya waajiri. Ilipatikana kwa mapambano. Wanaosema kwamba ajira ni mambo ya kale na mkataba wa kujitegemea ndio usasa wanaigeuza historia kichwa chini miguu juu. Kibarua ndiye aliyetangulia.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki, likizo ya siku 28 kwa mwaka yenye malipo, na likizo ya uzazi ya siku 84. Mchango wa NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri hutoa si chini ya nusu yake. Mtu akiitwa mkandarasi, gharama hizi hazitoweki. Zinahama kutoka mfuko wa mwenye mtaji kwenda kwenye mgongo wa mtenda kazi na familia yake.

Tuchukue mfano wa kijana wa Msanzi anayeendesha bodaboda ya mtu mwingine. Kila jioni anapeleka hesabu. Mvua ikiharibu barabara ya kwenda Matai, hesabu iko pale pale. Petroli ikipanda, hesabu iko pale pale. Akivunjika mguu, hana mwajiri. Anaambiwa yuko huru, lakini chombo cha kazi si chake na kiwango cha hesabu hakupanga yeye.

Mlinganishe na fundi mwashi mwenye vifaa vyake, anayepatana bei, mwenye wateja wengi, na anayeweza kukataa kazi asiyoitaka. Huyu anajitegemea kweli. Hatupingi mkataba wa namna hiyo. Tunapinga ajira iliyovishwa kanzu ya ukandarasi.

Kipimo kipo. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 kinamhesabu mtu kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, iwapo hata jambo moja kati ya kadhaa lipo: namna au saa zake za kazi zinaongozwa na mwingine, anapewa vifaa, anamtegemea mtu huyo kiuchumi, au anamfanyia kazi yeye peke yake. Huko Uingereza nako, Februari 2021, Mahakama ya Juu iliamua kwamba madereva wa Uber waliofungua kesi wana haki za wafanyakazi, ingawa karatasi zao zilisema wamejiajiri.

Wajibu wa kada ni mambo matatu. Kwanza, awasomee vijana mkataba kabla hawajatia sahihi, akiuliza: chombo ni cha nani, bei inapangwa na nani, hasara ni ya nani? Pili, aliyeachishwa isivyo haki aelekezwe mapema kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, kwani muda wa kupeleka shauri hilo ni siku 30. Tatu, wasio na vyombo wahimizwe kuungana katika ushirika wavimiliki wenyewe. Kujitegemea bila kumiliki chombo wala kuwa na kauli juu ya bei ni jina tu.