Kichujio cha maombi: kuchomeka, kuchomoa na suala la mfuatano

Kichujio (wingi: vichujio) ni nomino itokanayo na kitenzi *chuja*. Jikoni, chujio huzuia majani ya chai yasiingie kikombeni, na kifumbu hupitisha tui na kubakiza chicha. Katika programu za wavuti, kichujio ni kipande cha msimbo kinachosimama kati ya kivinjari na sehemu itoayo jibu. Ombi likifika, kichujio huweza kulipitisha, kulibadili au kulirudisha. Hata hivyo, mfasiri asidhani kwamba kazi yake ni kuzuia tu. Kipo kichujio kinachoweka kumbukumbu za maombi, kipo kinachogandamiza jibu lisafiri upesi, na kipo kinachokagua kama mtumiaji ameingia kwa nywila. Tena, tofauti na chujio la jikoni, hiki hupitiwa mara mbili: ombi likienda na jibu likirudi.

(Wingi *maombi* huwachekesha wanafunzi, kwa kuwa kanisani neno hilo lina maana ya sala. Muktadha huondoa utata. Hapana haja ya kubuni neno jingine.)

Mfano mzuri ni lugha ya Java. Vichujio viliingizwa katika toleo la 2.3 la vipimo vya Servlet, mwaka 2001. Vilitajwa katika faili moja, web.xml, pamoja na anwani ambazo kila kimoja kilihusika nazo. Programu ndogo haikupata taabu. Lakini programu ya chuo yenye moduli ya ada, moduli ya maktaba na moduli ya matokeo ya mitihani ililazimika kuzisajili zote katika faili hilo hilo: moduli mpya ilidai mistari yake humo, na iliyoondolewa iliacha mistari yatima. Moduli isiyoweza kuingia bila faili la mwenyeji kufumuliwa ni moduli kwa jina tu.

Toleo la 3.0, la mwaka 2009, liliruhusu kila moduli ibebe faili lake dogo, web-fragment.xml, katika folda ya META-INF ya kifurushi chake cha JAR. Kifurushi kikiwekwa ndani ya WEB-INF/lib, programu inapoanza seva hulisoma faili hilo na kukiingiza kichujio katika mlolongo. Kifurushi kikiondolewa, kichujio nacho hutoka.

Kitenzi gani kifae hapa? Wapo watumiao *pachika*, lakini kitenzi hicho hudokeza kitu kilichowekwa ili kikae. *Chomeka* ni bora, kwa sababu papo hapo humkumbusha msomaji kinyume chake, *chomoa*, na sifa inayotajwa ni hiyo ya kuingia na kutoka bila kujeruhi kilichobaki. Kama isemwavyo *kiti cha kukunja*, ndivyo isemwe *kichujio cha kuchomeka*.

Kuchomeka, hata hivyo, ndiko kwepesi. Ugumu uko kwenye mfuatano. Tuseme moduli moja imeleta kichujio cha ukaguzi wa nywila, na nyingine kichujio kinachohifadhi kurasa kwa muda ili zitolewe haraka. Cha hifadhi kikitangulia, ukurasa wa matokeo ya mwanafunzi mmoja waweza kukabidhiwa mtu mwingine kabla ya ukaguzi kufikiwa. Kila kichujio kimefanya kazi yake ipasavyo, wala hapatokei ujumbe wa hitilafu.

Kwa hiyo kila kipande hupewa jina, na huweza kutamka kitangulie kipi au kifuate kipi. Mwenye programu naye aweza kuamua mfuatano wote katika web.xml, akifanya hivyo, kipande asichokitaja huachwa nje kabisa, isipokuwa ameweka alama ya kuwapokea waliobaki. Vichujio vinavyotangazwa ndani ya msimbo kwa alama ya @WebFilter pekee havina mfuatano uliobainishwa na vipimo, hivyo cha ukaguzi kisiachwe katika kundi hilo.

Katika tafsiri, *mfuatano* ni sahihi kuliko *mpangilio*, kwani vitu vilivyokaa bega kwa bega navyo vina mpangilio.

Mifano ya matumizi:
*Kichujio cha ukaguzi kichomekwe kabla ya kile cha hifadhi.*
*Moduli ya maktaba ilipochomolewa, mfuatano wa vichujio vilivyobaki haukubadilika.*